John von Neumann: Maisha ya Msanifu wa Tarakilishi na Asili ya Viunzi vya Kuelezea Mifumo

Utangulizi

Katika Kiswahili, mzizi mmoja umezaa maneno ambayo lugha nyingi huyatenga. Msanifu ni mtu anayebuni ramani ya jengo, na usanifu ndio kazi yake. Lugha sanifu nayo ni ile iliyokubaliwa kutumika rasmi, na usanifishaji ni mchakato wa kuifikisha lugha, au kitu kingine chochote, katika hali hiyo ya kukubaliwa na wote. Fani ya tarakilishi imezikutanisha maana hizi mbili. Wataalamu wake huzungumzia usanifu wa programu na wa mifumo, na kwa zaidi ya miongo miwili sasa wamekuwa na viwango vya kimataifa vinavyousanifisha usanifu wenyewe, yaani vinavyoweka utaratibu mmoja wa kuuelezea.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanahisabati John von Neumann, ambaye mwaka 1945 aliandika maelezo ya mfumo wa tarakilishi kabla mfumo huo haujaundwa. Hoja yetu ni kwamba maelezo yanapotenganishwa na kitu kinachoelezwa, huweza kusafiri na kuwa mali ya watu wengi. Lakini maelezo hayohayo yanaweza kuwadhulumu waliochangia iwapo majina yao hayatajwi. Hoja hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu lugha yetu pia ilisanifishwa kwa njia inayofanana na hiyo.

Mfano wa Majengo

Kabla ya kuingia katika maisha yenyewe, inafaa tupate mfano ulio karibu nasi. Mtaa wa Majengo, Pumwani, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ulianza mapema katika miaka ya 1920 pale serikali ya kikoloni ilipotenga eneo rasmi la Waafrika. Wakazi walipewa viwanja, wakajijengea nyumba kwa gharama zao. Mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji cha Pangani kilipobomolewa, baadhi ya watu wake walihamia upande huo.

Nyumba zilizojengwa Majengo zilifuata mtindo wa Kiswahili uliotoka pwani. Mbele kuna baraza. Mlangoni unaanza ukumbi mwembamba unaokwenda hadi nyuma. Kila upande wa ukumbi kuna vyumba vinavyofuatana. Na nyuma kuna ua wenye jiko na choo. Kiunzi kilikuwa cha fito na miti, kuta zikakandikwa kwa udongo, na mapaa mengi yakaezekwa kwa madebe yaliyobanjuliwa. Baadaye wengine walitumia mabati, na wengine mawe.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mpangilio haukubadilika kwa kubadilika kwa vifaa. Nyumba ya udongo na nyumba ya mawe zote zilikuwa nyumba za Kiswahili, kwa kuwa zilishirikiana katika mahusiano ya sehemu zake: baraza, ukumbi, vyumba na ua. Mpangilio huo ulisafiri hadi miji mingi ya bara, na ndiyo maana Moshi, Nanyuki na kwingineko kuna mitaa iitwayo Majengo. Mafundi waliubeba vichwani mwao. Mpangilio unaoweza kutengwa na vifaa vya ujenzi, ukahamishwa na ukajengwa upya mahali pengine, ndio unaoitwa usanifu. Alichokifanya von Neumann ni kuuandika mpangilio wa aina hiyo kwa ajili ya mashine.

Kuzaliwa na malezi

Von Neumann alizaliwa tarehe 28 Desemba 1903 jijini Budapest, wakati Hungaria ilipokuwa sehemu ya milki ya Austria na Hungaria. Jina alilopewa ni János Lajos Neumann. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wavulana watatu wa familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake, Miksa, alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi katika benki. Mwaka 1913 Mfalme Franz Joseph alimpa Miksa hadhi ya ukabaila, na kutokana na hadhi hiyo mwanawe akaja kutumia kiambishi von mbele ya jina lake alipokuwa Ujerumani.

Tangu utotoni alijulikana kwa kumbukumbu ya ajabu na wepesi wa hesabu za kichwani. Alisoma katika shule ya sekondari ya Kilutheri jijini humo, shule iliyosifika kwa walimu wake wa hisabati. Eugene Wigner, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1963, alikuwa darasa moja mbele yake. Walimu walitambua kipawa chake mapema, naye akapewa mafunzo ya ziada na wahadhiri wa chuo kikuu angali mwanafunzi wa shule.

Hata hivyo, ujana wake haukukosa misukosuko. Milki ilisambaratika mwaka 1918 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 utawala wa kikomunisti wa Béla Kun ulishika hatamu kwa miezi michache, na familia yake ikakimbilia Austria kwa muda. Utawala uliofuata uliwaandama Wayahudi, na mwaka 1920 ikapitishwa sheria iliyopunguza idadi yao katika vyuo vikuu. Kijana huyu alifahamu mapema kwamba mtu anaweza kuondolewa mahali pake bila kosa lolote.

Masomo na kuhamia Marekani

Baba yake hakuamini kwamba hisabati ingeweza kumlisha mtu. Kwa hivyo walikubaliana kwamba kijana asomee kemia pia. Alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Budapest kwa hisabati, huku akisomea kemia Berlin na baadaye Zurich, Uswisi. Budapest alikwenda hasa kufanya mitihani. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa amehitimu uhandisi wa kemia Zurich na shahada ya uzamifu katika hisabati Budapest.

Uzamifu wake ulihusu misingi ya nadharia ya seti. Swali lililowashughulisha wanahisabati wa kizazi hicho, wakiongozwa na David Hilbert wa Göttingen, ni kama hisabati nzima ingeweza kusimamishwa juu ya kanuni chache zilizo wazi. Von Neumann alifanya kazi na Hilbert, kisha akafundisha Berlin na Hamburg. Mwaka 1932 alichapisha kitabu kilichoipa fizikia ya kwanta misingi ya kihisabati. Kabla ya hapo, mwaka 1928, alikuwa ameandika makala kuhusu nadharia ya michezo, ambayo mwaka 1944 ilipanuliwa kuwa kitabu kikubwa alichokiandika pamoja na mwanauchumi Oskar Morgenstern. Katika kazi zote hizi tabia yake kitaaluma ilikuwa ileile: aliingia katika uwanja wenye vurugu ya maarifa, akaondoa yasiyo ya lazima, akabakiza kiunzi.

Mwaka 1930 alialikwa kufundisha Princeton, Marekani, na mwaka 1933 akawa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wa Taasisi ya Masomo ya Juu katika mji huo. Mwaka huohuo Hitler alitwaa madaraka Ujerumani, na njia ya kurudi ikafungwa. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1937. Ndoa yake ya kwanza, na Mariette Kövesi, ilimpa binti mmoja, Marina, kisha ikavunjika. Mwaka 1938 alimwoa Klára Dán, mwenyeji mwenzake wa Budapest. Klára alijifunza kuandika programu na kuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuifanya kazi hiyo.

Vita na mashine ya Philadelphia

Vita vya Pili vya Dunia vilimtoa von Neumann katika hisabati tupu. Kuanzia mwaka 1943 alikuwa mshauri katika maabara ya siri ya Los Alamos, ambako bomu la atomiki liliundwa. Mchango wake mkubwa ulikuwa katika hesabu za kulibana bomu kwa mlipuko kutoka pande zote, mbinu iliyotumika katika bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Alikuwa pia mjumbe wa kamati iliyojadili miji ya kushambuliwa. Mwandishi wa maisha yake hana budi kulitaja jambo hili waziwazi, kwa maana sifa za akili haziufuti uzito wa matumizi yake.

Hesabu hizo zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa binadamu. Katika kiangazi cha mwaka 1944, katika kituo cha reli cha Aberdeen, Maryland, alikutana na Herman Goldstine, mwanahisabati aliyekuwa afisa wa jeshi. Katika mazungumzo yao aligundua kwamba Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, kilikuwa kikiunda mashine ya kielektroni ya kukokotoa. Mashine hiyo iliitwa ENIAC. Wabunifu wake wakuu walikuwa John Mauchly na J. Presper Eckert. Ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000 na uzito wa takriban tani 30.

ENIAC ilikuwa na kasi kubwa lakini ilikuwa na kasoro moja nzito. Ili kuipa kazi mpya, ilibidi nyaya zichomolewe na kuchomekwa upya na swichi zipangwe tena, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Wanawake sita walioajiriwa kuipangia kazi walilazimika kuielewa kutokana na michoro ya nyaya zake. Kwa maneno mengine, ENIAC haikuwa na maelezo yaliyotengana na mwili wake. Aliyetaka kuifahamu alipaswa kuifahamu waya kwa waya, mithili ya mtu anayetaka kujua nyumba ya Kiswahili ni nini kwa kuhesabu fito za ukutani.

Ripoti ya mwaka 1945

Eckert na Mauchly walikwisha kuliona tatizo hilo, na kundi lao lilikuwa likijadili mashine ya pili, EDVAC, ambayo ingehifadhi maagizo ndani ya kumbukumbu pamoja na data. Von Neumann alijiunga na mijadala hiyo, kisha akaanza kuandika muhtasari wake, sehemu kubwa akiwa safarini kwenda na kutoka Los Alamos. Ripoti hiyo ya kurasa 101 ilipigwa chapa na kupewa tarehe ya 30 Juni 1945. Ilikuwa rasimu tu. Palikuwa na nafasi zilizoachwa wazi kwa ajili ya marejeleo ambayo hayakujazwa kamwe.

Pamoja na upungufu huo, ripoti ilikuwa na jambo jipya. Iligawa mashine katika sehemu tano: ya kufanya hesabu, ya kudhibiti utaratibu wa kazi, ya kumbukumbu, ya kuingizia habari na ya kutolea matokeo. Ilieleza wajibu wa kila sehemu na uhusiano wake na nyingine. Zaidi ya hayo, haikueleza mashine kwa lugha ya valvu na nyaya. Von Neumann alitumia alama zilizotokana na makala ya Warren McCulloch na Walter Pitts ya mwaka 1943 kuhusu seli za neva, ambapo kila kijisehemu huchukuliwa kuwa kitu kinachopokea ishara na kutoa ishara. Kijisehemu hicho kingeweza kuwa cha valvu au cha kitu kingine ambacho bado hakijavumbuliwa, na maelezo yangebaki sahihi.

Ndivyo ilivyotokea. Valvu zilifuatwa na transista, na transista zikafuatwa na vipande vidogo vya silikoni vinavyobeba mabilioni ya transista. Mpangilio wa kuweka maagizo na data katika kumbukumbu moja bado ndio msingi wa tarakilishi nyingi tunazozitumia, pamoja na simu za mkononi.

Dhuluma ya jina moja

Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Goldstine alipoisambaza ripoti, jalada lilikuwa na jina moja tu, la John von Neumann. Eckert na Mauchly, ambao walikuwa wameanza kulifikiria wazo la kuhifadhi maagizo kabla ya von Neumann kufika Philadelphia, hawakutajwa kuwa wabunifu. Nakala za kwanza zilikuwa chache, za watu wa mradi, lakini baada ya muda ziliwafikia wataalamu wengi wa Marekani na Uingereza.

Matokeo yalikuwa mazito. Kwanza, ulimwengu ukazoea kuuita mpangilio huo kwa jina la von Neumann. Pili, mwaka 1947 wanasheria wa jeshi walisema kwamba kusambazwa kwa ripoti kulikuwa sawa na kuichapisha, na kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ulikuwa umepita, mawazo yaliyokuwamo hayangeweza tena kusajiliwa kuwa hakimiliki ya mtu yeyote. Eckert na Mauchly walikuwa wameshaondoka chuoni mwaka 1946 kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki, wakaanzisha kampuni yao. Mwaka 1973 mahakama ya Marekani iliibatilisha hata hakimiliki ya ENIAC, na ripoti ya mwaka 1945 ilikuwa mojawapo ya sababu.

Upande wa pili wa jambo hili haupaswi kufichwa. Ni ripoti hiyohiyo iliyomfikia Maurice Wilkes wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1946, naye akaunda mashine ya EDSAC iliyoanza kufanya kazi Mei 1949. Kama maelezo yangefungiwa katika kabati la mwanasheria, huenda ujuzi huu ungechelewa kuenea. Kwa hiyo kitendo kimoja kiliwapokonya watu wawili haki yao na papo hapo kikaupa ulimwengu urithi. Msomaji anayetaka kumsifu von Neumann au kumlaumu anapaswa kuyabeba yote mawili.

Mashine ya Princeton na ndugu zake

Baada ya vita, von Neumann aliamua kuunda tarakilishi katika Taasisi ya Princeton. Mwezi Juni 1946 ripoti mpya ilitolewa ikiwa na majina ya waandishi watatu: Arthur Burks, Goldstine na von Neumann. Safari hii ilikusudiwa tangu mwanzo kwamba ujuzi uwe wa umma, na nakala zikatumwa kwa taasisi nyingi. Kati ya mwaka 1947 na 1948 Goldstine na von Neumann waliandika pia ripoti kuhusu namna ya kupanga na kuandika programu. Humo walitumia michoro ya mtiririko, yenye visanduku na mishale, kuonyesha hatua za programu kabla ya kuiandika kwa namba. Michoro ya aina hiyo ilienea pote, na mwaka 1985 alama zake ziliwekewa kiwango cha kimataifa.

Mashine ya Princeton, iliyojengwa chini ya uongozi wa mhandisi Julian Bigelow, ilizinduliwa rasmi mwaka 1952. Kutokana na maelezo yake zilizaliwa mashine nyingine: ILLIAC huko Illinois, MANIAC huko Los Alamos, JOHNNIAC huko California iliyopewa jina la von Neumann mwenyewe, BESK huko Sweden, WEIZAC huko Israeli na SILLIAC huko Australia.

Hata hivyo, ndugu hawa hawakusikilizana. Kila kundi la wahandisi lilibadilisha hiki na kile, hata programu iliyoandikwa kwa mashine moja haikuweza kuendeshwa na nyingine. Walikuwa na ramani moja ya jumla, lakini hawakuwa na makubaliano juu ya mambo madogo. Hapa ndipo tunapoona tofauti baina ya kuwa na maelezo na kuwa na maelezo sanifu.

Kifo chake

Mwaka 1955 von Neumann aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa nishati ya atomiki wa Marekani. Mwaka huohuo aligunduliwa kuwa na saratani. Aliendelea kufanya kazi akiwa katika kiti cha magurudumu. Katika siku zake za mwisho aliandaa mihadhara ya kulinganisha tarakilishi na ubongo wa binadamu, lakini hakuweza kuitoa; kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1958 ikiwa haijakamilika. Alifariki tarehe 8 Februari 1957 katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed jijini Washington, akiwa na umri wa miaka 53, na akazikwa Princeton.

Kutoka rasimu hadi viunzi sanifu

Kazi aliyoianza iliendelezwa na wengine. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitoa familia ya tarakilishi iitwayo System/360. Mashine zake zilitofautiana kwa ukubwa na bei, lakini zilifuata maelezo mamoja ya usanifu, na kwa hiyo programu ya mashine ndogo iliweza kuendeshwa na kubwa. Ni katika kazi hiyo neno usanifu lilipokita mizizi katika fani ya tarakilishi.

Programu nazo zilizidi kukua hadi zikawa ngumu kueleweka na mtu mmoja. Mwaka 1987 John Zachman alichapisha kiunzi cha kueleza mifumo ya habari ya shirika zima. Mwaka 1995 Philippe Kruchten alipendekeza kwamba usanifu wa programu uelezwe kwa taswira nne zinazounganishwa na ya tano ya mifano ya matumizi. Mwaka 1997 lugha ya michoro ya UML ilikubaliwa kuwa kiwango. Mwaka 2000 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango namba 1471 cha kuelezea usanifu. Mwaka 2007 kiwango hicho kilipokelewa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, kikapata namba 42010, na kimefanyiwa marekebisho mwaka 2011 na mwaka 2022.

Wazo kuu la kiwango hiki linaweza kuelezwa kwa kurudi Majengo. Chukua nyumba moja yenye vyumba sita. Mwenye nyumba anataka kujua vyumba vingapi vinapangishwa na kodi inatosha nini. Mpangaji anauliza kama paa linavuja na kama jiko la uani lina zamu. Fundi anaangalia kiunzi na uzito wa paa. Afisa wa maji wa jiji anatafuta mahali bomba linapopita. Nyumba ni ileile, wadau ni wanne, na kila mmoja ana hangaiko lake. Mchoro mmoja unaojaribu kuwaridhisha wote hautamridhisha yeyote.

Kwa hiyo kiwango kinamtaka mwandishi wa maelezo awataje wadau, ayataje mahangaiko yao, kisha achague mitazamo inayoyajibu. Mtazamo, kwa matumizi yetu hapa, ni kanuni za kuchora: alama gani zitumike na zijibu swali gani. Kinachochorwa kwa kufuata kanuni hizo tunaweza kukiita taswira. Taswira zote zinapaswa kupatana. Bomba la afisa wa maji lisipite katikati ya nguzo ya fundi. Mwisho, mwandishi anatakiwa aandike sababu za maamuzi makuu, ili anayekuja baadaye ajue kwa nini ukumbi uliwekwa hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mfumo usio na maelezo hupotea pamoja na fundi wake.

Tukiipima ripoti ya mwaka 1945 kwa kipimo hiki, tunaona fahari yake na aibu yake. Ilikuwa na mtazamo mmoja ulio wazi kuliko wote waliotangulia, ule wa mantiki ya mashine. Haikuwa na nafasi kwa mwandishi wa programu aliyeteseka na nyaya, wala kwa mhandisi aliyejua maamuzi yalifikiwaje na nani.

Funzo kwa Kiswahili

Wapenzi wa Kiswahili tunayafahamu mambo haya kwa njia nyingine. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikawekwa kando, na manung'uniko yake yangali yanasikika. Aidha, kamati hiyo ilipoanza haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Wenye lugha walitoa maneno. Majina ya jaladani yalikuwa ya wengine. Lakini pia ni kweli kwamba bila othografia moja na vitabu vya pamoja, mwalimu wa Tanga na mwalimu wa Nairobi wasingesomesha kwa kitabu kimoja.

Katika istilahi za tarakilishi, sisi bado tuko katika hali ya mashine ndugu wa Princeton. Chombo chenyewe kina majina matatu: tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na kampuni ya Microsoft ikafuata kwa kutafsiri zake. Hatua hizo zilihusu maneno ya kubonyeza. Maneno ya kuelezea mfumo wenyewe, yaani usanifu, kiunzi, mdau, hangaiko, mtazamo na taswira, hayajafanyiwa mjadala wa kutosha, na hata haya tuliyoyatumia hapa ni mapendekezo.

Hasara yake si ya wasomi peke yao. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo mama anayeuza nguo Gikomba, hatua chache kutoka Majengo, hutegemea mifumo ya fedha na ya serikali katika shughuli zake za kila siku. Yeye ni mdau kamili. Akitaka kujua fedha zake zinapita wapi na nani anaziona, atahitaji maelezo yaliyoandikwa kwa mtazamo wake na kwa lugha anayoifikiria. Pasipo istilahi zilizokubaliwa, hata mtaalamu mwenye nia njema atashindwa kumweleza.

Hitimisho

Tumeona kwamba von Neumann hakuivumbua tarakilishi peke yake, na kumpa sifa hiyo ni kuendeleza kosa la jalada la mwaka 1945. Alichokifanya ni kuuandika usanifu wake kwa namna iliyouweka huru kutoka kwa valvu na nyaya. Kutokana na uandishi huo ulizaliwa ujuzi wa pamoja, na kutokana na pengo la majina ukazaliwa mgogoro uliodumu hadi mahakamani.

Makala haya yanapendekeza mambo mawili kwa vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili na wale wa tarakilishi waketi pamoja waandae orodha fupi ya istilahi za kuelezea mifumo, wakianza na zile chache za kiwango cha ISO, na wazijaribu kwa kuandika maelezo ya mfumo mmoja halisi unaotumiwa na wakazi wa mtaa kama Majengo. Pili, kila istilahi iandikwe pamoja na jina la aliyeipendekeza na sababu ya kuichagua, ili warithi wetu wasilazimike kwenda mahakamani, au kwenye kumbukumbu za watu, kutafuta nani alisema nini.